Tazama Tairi

Leo nimebeba meno.
Meno ya bandia, ya juu na ya chini,
yamefunikwa pamba ndani ya kisanduku,
kutoka maabara ya Lapa hadi kwa daktari wa Vila Mariana,
ambako ajuza mmoja, simjui jina,
anangoja kutafuna nyama Jumapili.
Saa kumi na moja jioni. São Paulo imekaza mkanda.

Magari yamesimama safu kwa safu,
na kati ya safu na safu, upenyo:
upana wa mabega yangu na shibiri moja.
Humo ndimo tupitamo sisi wa pikipiki,
tukipiga honi fupifupi, pi, pi, pi,
kama mtu abishaye hodi
kwenye nyumba isiyo na mlango.

Genivaldo alinifunza kutazama
kabla hajanifunza kuendesha.
Siku tatu alinikalisha kwenye ngazi za duka la mikate.
"Usitazame uso wa dereva, Cleonice.
Uso una adabu. Uso hutabasamu huku mkono ukikata usukani.
Tazama tairi la mbele.
Kabla gari halijageuka,
tairi limeshaungama."

Mengine aliyatupa ovyo, mkate mdomoni:
vidole viwili kwenye breki, hata ukiwa na raha;
mistari myeupe ni sabuni mvua ikinyesha;
dakika kumi za kwanza za manyunyu
ni mbaya kuliko gharika ya usiku kucha,
maana mafuta ya lami huelea kabla hayajaoshwa;
teksi ikisimama, hesabu vichwa,
kichwa cha nyuma kikiinama, mlango unakuja;
na Julai, watoto wakirusha tiara
zenye uzi uliopakwa unga wa vioo,
funga antena mbele ya usukani.
Shingo ni moja.

Nikamuuliza mguu ulipatwa na nini.
Alifuta ndevu kwanza.
"Mwanamke wa gari jeupe. Tulitazamana,
macho kwa macho, kama mimi na wewe.
Nikasema moyoni, huyu kaniona.
Akageuka.
Alikuja hospitali na maua, analia,
anaapa kwamba njia ilikuwa tupu.
Nilimwamini.
Njia ilikuwa tupu, na mimi nilikuwa ndani yake."

Sasa niko Rebouças, na manyunyu yameanza.
Yale ya kwanza.
Kulia lori la gesi. Kushoto gari dogo la kijivu,
kijana ndani anaimba, kidole kikigonga usukani,
uso umetulia kama maji ya mtungini.
Tairi lake linaanza kuungama.

Kidogo. Upana wa ukucha.
Vidole viwili vinabana, polepole, bila pupa.
Mwili wote unataka kuutazama ule ubavu wa kijivu unaokuja,
kwa kuwa binadamu hukodolea kinachomuua,
nami nalivuta jicho
kama mama amvutavyo mtoto mbele ya peremende,
liende pale, pale penye mwanga,
pale palipobaki.
Likaenda.
Pikipiki ikalifuata.
Kioo chake cha pembeni kikapapasa mkono wa koti langu.
Basi.

Bado anaimba. Hajui.
Ajali ina king'ora, ina umati, ina chaki barabarani,
ina karatasi ya polisi yenye nakala tatu.
Isiyotokea haina hata jina.
Tangu asubuhi zimenipita ngapi?
Niliacha kuhesabu saa nne,
nilipoona hesabu inanitoa macho barabarani.

Vila Mariana. Viatu vyangu vinachuruzika sakafuni.
"Umechelewa dakika sita," anasema msichana wa mapokezi,
na kalamu yake haiandiki.
Nafungua kisanduku mwenyewe, ahakikishe.
Ishirini na manane, hakuna lililovunjika,
yamelala kwenye pamba,
yanacheka.